Daftari la Majina la Lubumbashi

Mwaka 1965, chama cha wazee waliokuwa maboi katika nyumba za Wazungu kilitoa kijitabu cha kurasa chache kilichopigwa taipu na kurudufiwa kwa mashine. Aliyekiandika ni André Yav, kwa Kiswahili kile kile kilichosemwa jikoni na uani, na kikaitwa Vocabulaire de Ville de Elisabethville. Anayekifungua akitafuta kamusi hatapata kamusi. Kilichomo ni historia ya mji tangu ulipoanza, imesimuliwa na watu walioingilia mlango wa nyuma: nani alikuja na nani, bwana yupi alikuwa mkali, kazi ilitafutwa vipi, watu walikufa wapi. Mwaka 1990 Johannes Fabian alikichapisha upya pamoja na tafsiri yake, na tangu hapo wanahistoria wanakitaja kama ushahidi adimu wa mji ulioandikwa na watumishi wake.

Jalada la kijitabu hicho lilizeeka upesi sana. Mwaka uliofuata, 1966, serikali ya Mobutu ilifuta majina ya Kizungu ya miji mikubwa. Léopoldville ikawa Kinshasa, Stanleyville ikawa Kisangani, Elisabethville ikawa Lubumbashi. Hakuna tofali lililohama. Treni ziliendelea kuingia katika stesheni ile ile, tanuru likaendelea kutoa shaba, na anayekwenda mtaa wa Kamalondo akapita njia aliyoizoea. Kilichobadilika ni mstari mmoja katika daftari la serikali: ukitaja jina hili, sasa utapelekwa pale.

Wanaoandika programu za kompyuta wanalijua vizuri jambo hili, maana ni sehemu ya kazi yao ya kila siku. Katika lugha nyingi nyepesi za programu, kazi inayotakiwa kufanywa haiandikwi palepale inapohitajika. Huandikwa pembeni, ikapewa jina, na kipande hicho huitwa fanksheni. Anayeihitaji huita jina tu. Lugha nyingine huenda mbali zaidi: jina lenyewe si lazima lijulikane wakati programu inaandikwa. Laweza kuwekwa ndani ya kigeu, yaani nafasi inayoshika thamani yoyote, kisha programu inapokimbia ikasoma kilichomo na kuita fanksheni yenye jina hilo. Leo kigeu kina neno «lipa», malipo yanafanyika. Kesho kina neno «futa», na mstari ule ule uliolipa jana unafuta. Mwitaji hakubadilisha herufi hata moja.

Historia ya Lubumbashi inasomeka vizuri zaidi mtu akiwa na habari hiyo kichwani. Majina ya mji huu, ya mkoa wake na ya taasisi zake yamebadilishwa mara nyingi, na kila mara wakazi wake wamejikuta wakiita jina na kusubiri waone ni kitu gani kitaitika.

Lubumbashi yenyewe halikuwa jina jipya mwaka 1966. Ni jina la mto mdogo, na kabla ya kuwa jina la mji lilikuwa jina la kiwanda. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa Oktoba 1906. Reli kutoka Rhodesia iliufikia uwanda huo mwaka 1910, mwaka ule ule ambao Émile Wangermée, mtawala wa Kibelgiji, alichagua mahali pa kujenga mji na kuupa jina la Elisabeth, malkia wa Ubelgiji. Tarehe 30 Juni 1911 shaba ya kwanza ilimiminwa katika tanuru lililojengwa kando ya mto, na Wabelgiji wakaliita tanuru la Lubumbashi. Kwa zaidi ya nusu karne, basi, mtu aliyesema Lubumbashi alimaanisha bomba la moshi, lundo jeusi la mabaki ya madini na kambi ya wafanyakazi. Jiji la barabara pana na nyumba zenye bustani lilikuwa na jina lake lingine. Mobutu alipofuta Elisabethville alichukua jina la mahali pa jasho akalivika mji mzima, pamoja na mitaa ambayo mfanyakazi wa tanuru alikuwa akiingia kwa ruhusa tu. Kama kuna mtu aliyekusudia maana hiyo haionekani katika amri yenyewe, lakini ilitokea hivyo.

Mitaa nayo ilikuwa na daftari lake. Commune Albert, mtaa wa Waafrika uliokuwa karibu zaidi na mji wa Wazungu, ikabaki na jina ambalo wakazi wake walikuwa wakilitumia, Kamalondo. Kenya, Katuba na Ruashi zikabaki kama zilivyokuwa. Kwa maboi wa zamani mji ulibaki E'ville kwa miaka mingi, na vijana wakapata kifupi chao, L'shi, ambacho leo kinaandikwa kwenye fulana na kwenye vioo vya teksi.

Jina lililobeba uzito kuliko yote, hata hivyo, lilikuwa la kampuni.

Mwanzoni Union Minière iliishi kwa wafanyakazi wa muda mfupi, waliokuja kwa miezi michache na kurudi makwao, wengi wakiwa wagonjwa na wengine wasirudi kabisa. Kuanzia mwaka 1928 hivi, chini ya daktari Léopold Mottoulle aliyeongoza idara ya wafanyakazi Waafrika, kampuni iligeuza mwendo. Ikawapa wanaume mikataba ya miaka mitatu, ikawataka waje na wake zao, ikajenga kambi, zahanati, mahali pa kupima watoto wachanga, na shule walizokabidhiwa wamisionari Wabenediktini. Posho ilitolewa kwa kila familia kwa kuhesabu vichwa. Kila mfanyakazi alikuwa na namba, matricule, na namba hiyo ndiyo iliyofungua milango yote: mshahara, unga, nyumba, kitanda cha hospitali, kiti cha mtoto darasani. Mtu alikuwa na jina alilopewa na baba yake, lakini ofisini aliitwa kwa namba, na kilichoitika ni kampuni nzima. Watoto waliozaliwa humo waliikuta kampuni ikiwa kama mzazi wa pili, na mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, baadaye aliandika juu yao kama watoto wa Shaba walioachwa na baba yao.

Ilikuwa mashine kubwa, na ilitoa. Kufikia mwaka 1960 ilikuwa ikizalisha karibu tani 300,000 za shaba kwa mwaka. Huo ndio mwaka ambao daftari la majina lilipata dhoruba yake ya kwanza.

Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu baada ya uhuru wa Kongo, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga ni nchi. Neno Katanga lilikuwa jina la mkoa. Sasa likawa jina la dola yenye bendera, jeshi, stempu na sarafu zilizochorwa msalaba wa shaba. Union Minière ilikuwa imezoea kulipa kodi serikalini, na iliendelea kulipa kodi serikalini. Ila serikali iliyokuwa ikiitika ilikuwa ya Elisabethville, si ya Léopoldville. Vitendo vya wahasibu havikubadilika sana: hesabu ile ile, madini yale yale. Jina «serikali» lilielekezwa mahali pengine, na kwa sababu hiyo Kongo nzima ikapoteza chemchemi kubwa kuliko zote ya fedha zake. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa si mbali na Elisabethville tarehe 17 Januari 1961. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yalimaliza kujitenga huko Januari 1963, na Katanga likarudi kuwa jina la mkoa.

Inafaa kusimama hapa kidogo na kurudi kwenye programu, kwa sababu historia yake inaeleza kwa nini jambo hili ni la hatari kama lilivyo la manufaa.

Chimbuko lake ni Lisp, lugha aliyoibuni John McCarthy katika chuo cha MIT nchini Marekani mwaka 1958. Katika maandishi yake ya mwaka 1960, McCarthy alieleza fanksheni iitwayo eval, inayoweza kusoma maneno na kuyatekeleza kama programu. Yeye aliiona kama hoja ya karatasini. Mtu aliyefanya kazi naye, Steve Russell, akagundua kwamba inaweza kuandikwa hasa katika mashine ya IBM 704, akaiandika. Kuanzia hapo neno na kitendo havikuwa vitu viwili tena. Katika Lisp, jina la fanksheni ni kitu unachoweza kukishika, kukipitisha mkono kwa mkono na kukiita. Ukibadilisha maelezo yaliyofungwa kwa jina hilo, kila aliyekuwa akiliita anapata kitendo kipya bila kuambiwa.

Lugha zilizofuata ziliichukua tabia hiyo kwa njia mbalimbali. Perl ya Larry Wall, iliyotoka mwaka 1987, ilimruhusu mwandishi kuweka jina la fanksheni katika neno la kawaida na kuliita. Kisha ilipofika toleo la 5 mwaka 1994, ikamwekea njia ya kujikataza mwenyewe: mstari mmoja juu ya programu, na uitaji wa namna hiyo unazuiwa. Watu walikuwa wameshaumia. JavaScript, ambayo Brendan Eich aliitunga kwa siku 10 mwaka 1995, ilifanya fanksheni ziwe thamani zinazokaa ndani ya vitu vingine, hivyo kuita kwa jina ni kutazama ndani ya kisanduku tu. Na PHP, ambayo Rasmus Lerdorf aliitoa mwaka huohuo wa 1995 kwa ajili ya kurasa zake mwenyewe, ilifanya jambo liwe jepesi kupita kiasi: weka jina katika kigeu, andika alama ya dola mbele na mabano nyuma, kazi imeanza.

Kuna kisa cha PHP kinachostahili kutajwa. Mwaka 2013 Lerdorf alieleza kwamba katika siku za mwanzo, programu yake ilitafuta majina ya fanksheni kwa kuyagawa kwa urefu, yaani idadi ya herufi. Majina mengi yenye urefu sawa yangesongamana mahali pamoja, kwa hiyo akayapa majina urefu tofauti kwa makusudi. Fanksheni kadhaa za lugha inayotumiwa na mamilioni ya tovuti zina majina marefu ya ajabu kwa sababu hiyo tu, na hakuna aliyethubutu kuyabadilisha tangu wakati huo. Jina likishaitwa na wengi, mwenye daftari mwenyewe hana uhuru nalo.

Hatari inaingia pale ambapo jina linatoka kwa mgeni. Desemba 2018 iligundulika kwamba ThinkPHP, mfumo wa kujengea tovuti uliotumika sana China, ulimruhusu mtu yeyote kuandika jina la fanksheni ndani ya anwani ya ukurasa, na seva ikaiita. Wavamizi hawakuvunja kufuli. Walitaja jina la fanksheni inayoendesha amri za mashine, na mashine ikatii. Miaka 3 baadaye, Desemba 2021, dunia nzima ilihangaika na kasoro ya Log4j, zana ya kuandika kumbukumbu katika programu za Java: ukiweka anwani ya namna fulani katika ujumbe wa kawaida kabisa, zana hiyo iliiendea anwani na kuchukua msimbo wa kigeni ikauendesha. Dawa inayopendekezwa na mafundi ni ya kizamani na rahisi. Usimruhusu mgeni ataje jina lolote; andika orodha fupi ya majina yanayokubalika, na kila jina likielekezwa kwa kazi unayoijua. Mji wa Lubumbashi una shule ya juu ya informatiki, ESIS Salama ya mapadri Wasalesiani, na kijana yeyote anayejifunza kuandika tovuti atakutana na onyo hilo mapema.

Mobutu alikuwa na orodha yake fupi, na aliishika mwenyewe.

Siku ya mwisho ya mwaka 1966 na siku za kwanza za 1967, serikali iliichukua mali ya Union Minière nchini na kuanzisha kampuni ya taifa, Gécomin. Baadaye ikawa Gécamines. Kwa nje ilikuwa mapinduzi. Kwa ndani, Februari 1967 ulisainiwa mkataba na Société Générale des Minerais, kampuni ya kundi lile lile la Société Générale ya Ubelgiji, ili isimamie ufundi na kuuza shaba. Wahandisi wengi walibaki mezani kwao. Mfanyakazi wa tanuru alipewa kadi yenye nembo mpya, lakini namba ilimfungulia zahanati ile ile. Ni rahisi kusema kwamba hilo lilikuwa jina tu. Si kweli: faida sasa ilipita Kinshasa, na Kinshasa ilikuwa na matumizi mengi. Jina jipya lilibadilisha njia ya fedha kabla halijabadilisha kazi ya mikono.

Kisha zikaja amri za uhalisia wa Kiafrika. Oktoba 1971 nchi ikawa Zaire, mto ukawa Zaire; fedha ilikuwa imeshaitwa zaire tangu mwaka 1967. Mkoa wa Katanga, ambao jina lake lilinuka kujitenga, ukaitwa Shaba. Ni mkoa gani mwingine duniani ulioitwa kwa jina la bidhaa unayouza? Januari 1972 zamu ikawafikia watu. Majina ya Kikristo yalipigwa marufuku, na kasisi aliyembatiza mtoto kwa jina la Kizungu aliweza kufungwa. Joseph-Désiré Mobutu akawa Mobutu Sese Seko. Kardinali Joseph Malula alipinga na kulazimika kwenda Roma kwa muda. Jean Nguza, mzaliwa wa Katanga aliyepanda hadi kuwa waziri wa mambo ya nje, akawa Nguza Karl-i-Bond.

Huko Lubumbashi kulikuwa na mwalimu mmoja ambaye jina lake lilipita mageuzi hayo bila kukwaruzwa. Valentin-Yves Mudimbe, aliyezaliwa Jadotville mwaka 1941, alifundisha katika kampasi ya Lubumbashi miaka ya 1970. Amri ilipotoka akawa Vumbi-Yoka Mudimbe. Vitabu vyake vilikuwa vinatiwa sahihi V. Y. Mudimbe kabla, na vikaendelea kutiwa sahihi V. Y. Mudimbe baadaye. Serikali ikasoma majina yake mapya, wasomaji wa Ulaya wakasoma ya zamani, na wote wakampata mtu mmoja. Aliondoka nchini mwaka 1980, na kitabu chake kilichomtangaza zaidi, The Invention of Africa, kilitoka mwaka 1988, bado kwa herufi zile zile mbili. Ni ujanja mdogo, lakini waliouweza walikuwa wachache.

Chuo alichofundisha kilikuwa na safari yake ya majina. Kilifunguliwa mwaka 1956 kama Université Officielle du Congo et du Ruanda-Urundi. Baada ya uhuru kikawa Université Officielle du Congo. Mwaka 1971 vyuo vyote vikubwa vya nchi viliunganishwa kuwa chuo kimoja cha taifa, UNAZA, na hapa pakabaki kampasi. Mwaka 1981 kampasi ikawa Université de Lubumbashi, UNILU. Mtu aliyeanza masomo mwaka 1968 na kurudi kuchukua shahada ya juu mwaka 1982 angekuwa na karatasi mbili za vyuo viwili, na zote zimetolewa katika mji mmoja.

Reli ilifuata njia hiyohiyo. BCK ya Wabelgiji ilikuwa imeunganisha Katanga na Kasai. Baada ya uhuru ikaitwa KDL. Mwaka 1974 ikawa SNCZ. Katikati ya miaka ya 1990 ikapewa wawekezaji na kuitwa Sizarail. Na baada ya mwaka 1997 ikawa SNCC. Mabehewa yalipakwa rangi upya kila mara, pale rangi ilipopatikana. Reli zenyewe hazikujua habari hiyo.

Lakini jina lililopendwa kuliko yote mjini halikuandikwa na serikali. Mwaka 1939, kule kwa Wabenediktini, ilizaliwa timu ya mpira iitwayo Saint-Georges. Miaka michache baadaye ikawa Saint-Paul. Baadaye ilichukua jina la mdhamini wake, Englebert, waliokuwa watengenezaji wa matairi kutoka Liège, na ilipomaliza ligi bila kufungwa ikajiongezea Tout Puissant, Mwenye Nguvu Zote. Majirani zao wa Saint-Éloi Lupopo, timu ya mwaka huohuo wa 1939, walibaki na mtakatifu wao. Kwa jina la tairi, TP Englebert ilichukua kombe la klabu bingwa Afrika mwaka 1967, baada ya sare mbili na Asante Kotoko ya Ghana na mchezo wa tatu ambao Kotoko hawakutokea. Mwaka 1968 ikalichukua tena mbele ya Étoile Filante ya Togo. Ikaingia fainali mwaka 1969 na 1970 pia. Kisha tairi likatoka na Mazembe likaingia.

Mashabiki wa Kamalondo hawakuwa na shida nalo. Mataji ya Englebert yalihesabiwa kuwa ya Mazembe bila mjadala wowote, na Mazembe iliposhinda tena mwaka 2009, 2010 na 2015, idadi ikawa 5. Desemba 2010 huko Abu Dhabi, timu hiyo iliitoa Internacional ya Brazil kwa mabao 2 kwa 0 na kuwa ya kwanza kutoka Afrika kufika fainali ya klabu bingwa ya dunia, ambako Inter Milan iliwafunga 3. Klabu hii ni mfano safi wa jina lililobadilika bila kupoteza chochote kilichokuwa nyuma yake. Sababu yake ni rahisi: daftari lilikuwa mikononi mwa watu wanaoimba jina hilo uwanjani kila Jumapili.

Gécamines haikuwa na bahati hiyo. Katikati ya miaka ya 1980 ilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mitambo ilichakaa, fedha za vipuri zikaenda Kinshasa, mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto huko Kolwezi uliporomoka Septemba 1990, na mwaka 1991 na 1992 nchi ikaingia katika uporaji na machafuko. Kufikia mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi karibu tani 30,000.

Hapa ndipo mji ulipoonja jambo ambalo mwandishi wa programu hulijua kwa uchungu. Jina lilikuwepo bado. Lilikuwa ukutani, kwenye kadi, kwenye lango la hospitali. Ukiliita, hakuna kilichorudi. Mishahara ilichelewa kwa miezi na baadaye kwa miaka. Posho ilikoma. Shule za kampuni zikaanza kutegemea michango ya wazazi ambao wenyewe hawakulipwa. Wanaume waliokuwa wakiamka kwa king'ora waliendelea kwenda kazini ili majina yao yasifutwe katika orodha, kwa imani kwamba siku mshahara ukija atakayelipwa ni yule aliyemo ndani. Wake zao walilima pembezoni mwa mji na kuuza mkaa, unga na samaki wabichi wa Luapula na Mweru, na wengi wa watoto wa Shaba walilelewa kwa fedha hiyo. Ni wao waliojaza pengo, na katika hesabu rasmi za kampuni hawamo.

Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliambiwa wachague kuondoka kwa hiari na kulipwa kiinua mgongo cha mara moja. Kwa mtu aliyedai mishahara ya miaka, hiari hiyo ilikuwa jina tu. Wengi walisaini. Wakati huohuo migodi ilianza kugawanywa kwa ubia na makampuni ya kigeni, na lile lundo jeusi la Lubumbashi, mabaki ya tanuru tangu mwaka 1911, likawa bidhaa: kiwanda kipya kilijengwa kando yake kutoa kobalti na shaba iliyobaki humo.

Kabla ya hapo jina la nchi lilikuwa limebadilika tena, na safari hii lilibadilishiwa Lubumbashi. Laurent-Désiré Kabila, mwenyewe mtu wa Katanga, aliuteka mji Aprili 1997, na tarehe 17 Mei, Mobutu akiwa ameshakimbia Kinshasa, alijitangaza rais akiwa bado Lubumbashi. Zaire ikawa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Majina ya Kikristo yalirudi, mengi yakijipachika mbele ya yale ya mwaka 1972, na hivyo kizazi kizima kikabaki na majina matatu au manne yanayoitika kwa mtu mmoja. Shaba ikawa tena Katanga.

Jina hilo halikudumu. Katiba ya mwaka 2006 iliagiza mikoa igawanywe, na mwaka 2015 ugawaji ukafanyika. Katanga ikakatwa vipande vinne: Haut-Katanga yenye Lubumbashi kama makao makuu, Lualaba ya Kolwezi, Haut-Lomami ya Kamina na Tanganyika ya Kalemie. Watu bado wanajiita Wakatanga, nyimbo na siasa bado zinalitaja jina, lakini ofisi hakuna. Atakayeiandikia barua Katanga atalazimika kuchagua gavana mmoja kati ya wanne. Migodi minono ya Kolwezi, ile iliyoilisha Gécamines katika siku zake njema, sasa iko Lualaba, na kodi zake za mkoa hulipwa huko. Makao makuu ya Gécamines, pamoja na ya SNCC, yamebaki Lubumbashi.